Mfalme wa chonga yuko wapi?

Vuli iliyopita ami yangu wa Pemba aliamua kulipasua gogo la mnazi lililolala nyuma ya nyumba yake miaka miwili. Mnazi wenyewe uliangushwa na upepo, ukaachwa pale pale, ukawa kiti cha wazee wanaopiga soga baada ya laasiri. Shoka lilipoingia mara ya tatu, gogo likafunguka kama mkate wa bofulo, na ndani wakaonekana mabuu: weupe, wanene kuliko kidole gumba, wamejikunja, vichwa vya rangi ya kahawia. Tulihesabu thelathini na mbili, tukachoka. Ami akafuta jasho, akatoa hukumu: "Hawa wana mfalme wao. Mtafuteni huyo kwanza. Mkimuua yeye, hawa wengine watatawanyika wenyewe."

Watoto wakamtafuta mfalme mpaka magharibi. Hawakumpata, kwa sababu hayupo. Nilimwambia ami hivyo, akaniuliza, "Basi nani kawaweka pamoja?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo siku ile, na makala hii ni deni ninalomlipa.

Mabuu wale ni watoto wa chonga, mdudu mweusi wa kung'aa mwenye pembe kichwani, anayejulikana na kila mwenye minazi Unguja na Pemba. Wataalamu humwita Oryctes monoceros. Usiku hupenya kwenye kilele cha mnazi akatafuna makuti machanga kabla hayajakunjuka, na kuti likija kufunguka huonekana limekatwa pembetatu kama kwa mkasi. Yeye ni mmoja wa mbawakawa, yaani wadudu ambao mbawa zao za mbele zimegeuka kuwa gamba gumu la kufunika mbawa za kurukia. Fukusi wa mchele ni mbawakawa. Kimulimuli naye ni mbawakawa, ingawa wengi hawamhesabu. Aina zilizokwisha kupewa majina ni karibu 400,000, kiasi cha robo ya aina zote za wanyama zinazojulikana. Katika umma mkubwa hivyo utakuta kila namna ya kuishi na mwenzio: mpweke kabisa, umati, mke na mume, ukoo wenye wajukuu, na hata kitu kinachokaribia ufalme. Tatizo ni macho yetu. Tukiona wadudu wengi mahali pamoja, tunadhani wameungana.

Nenda bandari ya Malindi, Unguja, siku mbili kabla ya Sikukuu. Watu mamia wamebanana, wote wanaelekea Pemba, wote wana mizigo. Mgeni asiyejua angesema ni kabila moja linalohama. Kumbe kilichowakutanisha ni meli, na wakishuka Mkoani kila mmoja anashika njia yake. Makundi mengi ya mbawakawa ni ya namna hii. Kwa hiyo kila nikikuta wadudu wamejazana, kitu cha kwanza ninachouliza ni nani kawaita. Cha pili, na kizito zaidi, ni nani anamlea mtoto wa nani.

Tuanze na gogo la ami. Mabuu hawakuitana. Chonga jike hutafuta mti uliooza, au lundo la samadi, akataga na kuondoka. Miti iliyooza vizuri si mingi, basi jike wa pili hufika pale pale, na wa tatu pia. Watoto wao hukua bega kwa bega, kila mmoja akitafuna ubao ulio mbele ya mdomo wake. Hakuna anayemlisha mwenzake, hakuna anayemlinda. Ni watoto wa mama mbalimbali waliofungiwa ghala moja la chakula, na mama zao hawarudi kuwaangalia.

Chonga wakubwa lakini wana mwito, na mwito wenyewe ni harufu. Dume hutoa kemikali ambayo wataalamu huiita feromoni, na mwaka 1994 watafiti waliochunguza wadudu wa michikichi ya Afrika Magharibi walieleza imetengenezwa na nini. Ajabu ni kwamba harufu ile haiwaiti majike peke yao. Madume wengine nao huja. Mbona mtu apige mbiu ya harusi ambayo washindani wake wataisikia? Jibu ni kwamba hana namna ya kuichagulia masikio. Harufu ikishapaa angani ni ya kila mwenye pua, na dume mwingine akiinusa anajua kuwa huko kuna chakula na kuna majike watakaokuja. Kwetu tunamwita mtu wa namna hii mdoezi. Wakulima nao wamejifunza kudoea: kemikali ile hutengenezwa viwandani, hutiwa kwenye mtego wa ndoo pamoja na taka za mchikichi zinazooza, na chonga huingia wenyewe.

Msongamano una ghadhabu yake pia. Mwaka 1963, huko Malaysia, mtafiti Mjerumani aitwaye Huger aligundua kirusi kinachowaua chonga wa Asia, ndugu wa karibu wa huyu wetu. Mwaka 1967 kirusi hicho kilipelekwa Samoa kupigana na chonga waliokuwa wakimaliza minazi. Kilienea kwa sababu wadudu hukutana: kwenye vilele wanapokula, kwenye magogo wanapotaga. Mgonjwa mmoja akiingia gogo lenye mabuu arobaini, anaacha msiba nyuma yake.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko somo lilikojaa, na kina bibi wanaochambua mchele juu ya sinia wamewaona wadudu hawa kuliko profesa yeyote. Fukusi wa mchele, yule mdogo mwenye mdomo mrefu kama mkonga, naye huita kwa harufu, na mwitaji ni dume aliyekwisha kupata chakula. Fukusi wa mahindi ni aina nyingine kabisa, ila wanafanana hata kuwatofautisha ni kazi, na feromoni yao ni moja. Ndiyo kusema gunia lililovamiwa laweza kuwa na aina mbili zilizoitana bila kujua kuwa si ndugu. Tukiangalia kwa juu tunasema "mchele umeingia wadudu" na yakaishia hapo.

Kwenye rafu hiyo hiyo kuna kopo la kunde au chooko, na humo mambo yamegeuka juu chini. Mdudu wa kunde hapendi msongamano. Zitazame punje kabla hazijatoboka, utaona vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye ganda: hayo ni mayai. Jike hukagua punje kwanza, na ikiwa ina yai tayari huiacha akatafuta tupu, mpaka punje tupu zikimalizika ndipo anapokubali kurundika. Ana sababu. Mtoto akishaingia ndani ya punje hawezi kuhama, na chakula chake chote cha utotoni kimo humo humo. Kuwatia watoto watano punje moja ni kuwaua.

Tofauti ya hawa wawili naiona kwenye utu uzima wao. Fukusi mkubwa anakula, anaishi miezi, na lundo la mchele kwake ni mji: chakula kipo, mchumba yupo. Mdudu wa kunde akishatoka kwenye punje hana haja ya kula tena. Ana siku chache tu za kutafuta mwenza na kutaga, na umati haumpi kitu ambacho punje tupu haimpi. Lakini kuna jambo moja kuhusu mdudu huyu ambalo kila nikilikumbuka nasimama. Kopo likijaa, watoto waliokua kwenye punje zenye msongamano huzaliwa na umbo jingine. Baba na mama zao walikuwa wazito, wa kukaa hapo hapo. Wao hutoka wepesi, warukaji, tayari kuhama. Hakuna aliyewaambia kwamba nyumbani hapatoshi. Dhiki ya ndani ya punje ndiyo iliyowapa mbawa.

Unga nao una wake: mdudu mwekundu mwembamba, Tribolium castaneum. Hawa huitana kwa feromoni, halafu wakizidi huchafua hewa wao wenyewe. Hutoa kemikali zinazoufanya unga uwe na wekundu kidogo na harufu kali isiyotoka hata ukiuchekecha. Tena hula mayai, yakiwemo ya kwao. Kuanzia miaka ya 1940 Thomas Park wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwaweka mdudu huyu na binamu yake, Tribolium confusum, kwenye chupa za unga na kusubiri. Kila mara aina moja ilibaki na nyingine ikatoweka. Penye joto na unyevu mwekundu wetu ndiye aliyeshinda, na penye ubaridi na ukavu alishinda binamu. Kimelea kidogo cha tumboni kikiondolewa kwenye chupa, matokeo yaliweza kugeuka. Kwa hali ya hewa ya visiwani petu, nadhani si vigumu kukisia ni yupi anayefurahia debe la unga wa Zanzibar.

Harufu ya mwito huweza kumfikia asiyetakiwa. Dumuzi, yule aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kati, na wakulima wa bara wakambandika jina la Scania, huita kama fukusi: dume huingia kwenye hindi au muhogo mkavu, hutoa harufu, na wenzake humiminika. Huko alikotoka, kuna mbawakawa mwingine mdogo mweusi anayeijua harufu hiyo. Huifuata mpaka ghalani, akafika, akala mayai na mabuu wa dumuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walimleta mlaji huyo na kumwachia Togo na Kenya.

Mpaka hapa makundi yote ni ya njaa na ndoa. Kuna ya hofu pia. Wale mbawakawa wanaozunguka kama pia juu ya maji yaliyotulia hukaa wengi pamoja kwa hesabu rahisi: samaki akiruka, uwezekano wa kuliwa wewe kati ya mia ni mdogo kuliko ukiwa peke yako. Wenye njaa husogea pembeni mwa kundi, kwenye chakula zaidi na hatari zaidi, na walioshiba hukaa katikati. Kuna mbawakawa wengine wanaorusha kwa nyuma maji ya moto yenye sumu, kiasi cha nyuzi 100, na mchana hulala chini ya jiwe moja aina mbili au tatu kwa pamoja. Adui akishaunguzwa na mmoja wao, hana hamu ya kuonja mwingine, na hajali kuwa ni aina tofauti.

Na kuna umati unaofanya kazi hasa. Katika milima ya magharibi ya Amerika Kaskazini anaishi mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, Dendroctonus ponderosae, anayeua misonobari mikubwa. Msonobari mzima hujitetea kwa utomvu: mdudu mmoja akitoboa, huzamishwa na kusukumwa nje. Jike wa kwanza akifaulu kidogo, huichukua kemikali iliyomo kwenye utomvu ule ule uliokusudiwa kumuua, akaigeuza mwilini mwake kuwa harufu ya kuwaita wengine. Huja mamia. Mti huishiwa utomvu, na ukifa ndio wanapata pa kuzalia. Kisha, nafasi zinapojaa, harufu hubadilika na kuwaambia wanaokuja kuwa hapa pamejaa, nendeni mti wa pili. Ukisimuliwa hivi utaapa kuwa wana jemadari. Hawana. Kila mmoja amekuja kwa faida yake, na jeshi limetokea tu kwa sababu wote wameinusa amri isiyo na mtoaji. Vimulimuli wa mikokoni huko Malaysia wanaowaka na kuzima kwa pamoja, mti mzima kama taa moja, nao hawana kiongozi. Kila dume anamtazama jirani na kurekebisha mwako wake.

Ami atasema: basi wote ni abiria, hakuna familia? Ipo, na kama nilivyoielewa mimi, huanzia pale chakula kinapokuwa haba, cha thamani, na chenye kuta.

Mzoga wa panya ni chakula cha namna hiyo. Katika nchi za baridi za Ulaya, Asia na Marekani, wako mbawakawa ambao mume na mke huuzika mzoga, huunyonyoa manyoya, kisha huwalisha watoto mdomo kwa mdomo kama ndege. Huku kwetu kusini mwa Sahara hawapo. Wasidhaniwe kuwa ni wapole tu: watoto wakizidi kipimo cha nyama iliyopo, mama huwala waliozidi.

Gogo pia ni chakula chenye kuta, ila linataka mtu anayejua kulila. Wako mbawakawa weusi wanaopenda magogo yaliyooza ya misitu ya joto, ambao baba na mama hubaki ndani pamoja na watoto. Ubao mkavu hauna maana kwa mtoto mchanga, hivyo wazazi huutafuna, na kinyesi chao chenye vijidudu vya kusaidia kuyeyusha mbao huwa ndiyo chakula cha mtoto. Wana lugha: husugua mbawa na mgongo wakatoa milio, na aina moja ya Marekani imehesabiwa milio 14 tofauti. Watoto waliokwisha kukua hawaondoki mara moja, bali husaidia kuukarabati ukuta wa kijumba ambamo mdogo wao anageuka kuwa mkubwa. Gogo la ami lingekuwa na hawa, ningekubali kwamba amepasua nyumba ya watu.

Hatua ya mwisho ni ya wadogo kabisa, wale wanaotoboa miti kwa vijitundu vya sindano na kusukuma nje unga wa mbao, mara nyingine umeshikana kama tambi. Watu hudhani wanakula mbao. Wengi wao hawali. Ni wakulima: mama huja amebeba mbegu ya kuvu katika kifuko maalumu mwilini mwake, huipanda kwenye kuta za vichochoro alivyochimba, na familia hula kuvu hiyo. Kilimo hiki ni cha kale mno kuliko jembe la binadamu, kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Na shamba la kuvu linataka vibarua, maana likiachwa siku chache magugu ya kuvu nyingine hulifunika.

Mwaka 2011 Biedermann na Taborsky wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walieleza walichokiona ndani ya vichochoro vya mmoja wao, Xyleborinus saxesenii. Mabinti waliokomaa hubaki kwa mama, wakipalilia kuvu na kuwasafisha wadogo zao. Mabuu nao wana zamu: hupanua chumba na kuviringisha takataka kuwa vitufe, na wakubwa huvisukuma nje. Hata mtoto ana kazi ambayo mkubwa haifanyi. Kwa nyuki jambo hili halipo, funza wa nyuki hulala akalishwa.

Aliyefika mbali kuliko wote yuko Australia, ndani ya mkalitusi ulio hai. Jina lake ni Austroplatypus incompertus, na mwaka 1992 Kent na Simpson walionyesha kuwa jike mmoja tu ndani ya kichochoro ndiye anayezaa. Amepandwa na dume mmoja tu maisha yake yote. Baadhi ya mabinti zake hubaki bila kuolewa, wakilinda na kutunza, na hawazai kamwe. Kwa kuwa mti uko hai na haumalizwi, makazi hayo hudumu makumi ya miaka. Katika mbawakawa wote wa dunia, huyu ndiye pekee anayekubalika kuwa na jamii kamili ya namna ya nyuki na mchwa. Mmoja katika aina 400,000.

Hapo ndipo ninapomwelewa ami. Alimaanisha mchwa, au maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mikarafuu na minazi na kumfanya mkwezi ashuke akijikuna. Hao kweli wana mama mmoja na maelfu ya watumishi, na visiwa vyetu vimechangia kuwajua: katika miaka ya 1950 Michael Way, aliyefanya utafiti Zanzibar, alionyesha kuwa mnazi wenye maji moto huepukana na kunguni anayefyonza nazi changa. Kunguni huyo sasa ana jina lake, Pseudotheraptus wayi. Mama wa chungu hatoi amri yoyote. Kazi yake ni kutaga. Lakini akifa, kundi hufifia, kwa hiyo shauri la ami lina mantiki kwa kichuguu. Wako hata mbawakawa waliohamia nyumba za chungu kwa udoezi: Paussus hukaa ndani ya kiota, na aina moja iliyochunguzwa huiga milio ya chungu, pamoja na ule wa malkia, akahudumiwa huku akiwatafuna watoto wa wenyeji wake.

Kwa chonga, shauri lile halina pa kushika. Mwite mmoja mfalme ukamuue, thelathini na mmoja waliobaki hawatajua kuwa amekufa. Kinachowaweka pamoja ni gogo. Tulilichana vipande vidogo, kuku wa jirani wakaja mbio, na kabla ya isha hapakuwa na buu hata mmoja. Wazee sasa wanakaa kwenye benchi.

Mwezi uliopita ami alinipigia simu. Kuna tawi la mwembe limekauka upande mmoja, kwenye gome lake kuna vijitundu kama vya sindano, na chini yake vijiti vya unga mweupe kama tambi. Aliniuliza kama hao nao ni abiria. Nikamwambia hapana, ami, humo sasa yumo mama, huenda na mabinti zake. Likate tawi polepole nije nitazame.